Italia iliungana au ilimezwa? Tujadili bila jazba

Mleta mada:

Wakuu habari za mida hii. Juzi nimebishana na jamaa yangu mpaka chai ikapoa. Yeye anashikilia kwamba Italia ni mfano safi wa utaifa, watu wa damu moja na lugha moja waligawanywa vipande na wakubwa wa Ulaya pale Vienna 1815, wakaamka, wakajiunganisha wenyewe. Mi nikamwambia hapana, kilichotokea 1859 mpaka 1870 ni kwamba ufalme mmoja wa kaskazini, Piedmont ya ukoo wa Savoia, ulimeza wenzake mmoja mmoja halafu ukajiita Italia. Naileta hapa maana naona inanikera mpaka leo.

Tuanze na hiyo lugha moja. 1861 Italia inatangazwa, zaidi ya watu 7 kati ya 10 hawajui kusoma wala kuandika. Waliokuwa wanaongea Kiitaliano chenyewe wataalamu bado wanabishana, kuna wanaosema asilimia 2.5 na kuna wanaosema karibu 10, lakini hata ukichukua hiyo kubwa, wengine wote walikuwa na lugha zao, mtu wa Sicilia, kisiwa cha kusini, na mtu wa Torino, mji mkuu wa Piedmont, wakikutana hawaelewani. Cavour, waziri mkuu wa Piedmont aliyesuka mpango mzima, Kifaransa ndo kilimkaa mdomoni kuliko Kiitaliano, na Napoli hakuwahi kufika, Sicilia hakuwahi kufika. Sasa huyu anaunganisha ndugu gani ambao hata kwao hajawahi kwenda?

Halafu mfalme. Vittorio Emanuele alikuwa wa Pili kwa hesabu ya ukoo wake, na alipokuwa mfalme wa kwanza wa Italia tarehe 17 Machi 1861 akabaki hivyohivyo wa Pili. Katiba ikawa ileile ya Piedmont ya 1848. Kwenye muungano wa kweli watu hukaa wakaandika kitu kipya, hapa kilichukuliwa cha mmoja wakavalishwa wote.

Sasa kura, maana jamaa yangu alinitolea kura. Oktoba 1860 kusini, yaani Napoli na Sicilia zilizokuwa chini ya mfalme wa Napoli, waliulizwa kama wanataka Italia moja chini ya Vittorio Emanuele, ndiyo au hapana. Napoli na bara lake ndiyo 1,302,064, hapana 10,312. Sicilia ndiyo 432,053, hapana 667. Jamani, kisiwa kizima wanaokataa ni 667? Ukisoma ilivyopigwa unaelewa, karatasi za ndiyo na za hapana ziliwekwa kwenye vyombo tofauti mbele ya macho ya watu, kila aliyesimama pale wakiwemo wenye bunduki anaona mkono wako umeenda wapi. Na walipokuja kuchagua bunge, walioruhusiwa kupiga kura nchi nzima hawakufika asilimia 2, wenye mali na waliosoma tu.

Kinachoniuma zaidi ni Bronte, mji uko chini ya mlima Etna. Garibaldi, kiongozi wa wapiganaji wa kujitolea, aliposhuka Sicilia Mei 1860 na watu wake elfu moja hivi, wakulima walimpokea kwa sababu aliahidi ardhi igawiwe. Agosti wakulima wa Bronte wakaona mbona haigawiwi, wakafanya fujo wakaua matajiri na watu wao, mauaji mabaya sijifichi. Garibaldi akamtuma kamanda wake Nino Bixio, kesi ya harakaharaka, watu watano wakapigwa risasi. Ardhi ikabaki kwa wenyewe. Baada ya hapo ikaja kodi mpya, ikaja jeshi la lazima ambalo Sicilia hawakuwa nalo hata chini ya wafalme wa zamani, vijana wakakimbilia milimani na serikali ikawaita majambazi. 1863 ikatungwa sheria ya kuwapeleka kwenye mahakama za kijeshi, wanajeshi zaidi ya laki moja wakamwagwa kusini. Agosti 1861 vijiji vya Pontelandolfo na Casalduni vilichomwa moto na jeshi la nchi yao wenyewe, nchi ya miezi mitano! Kama huo ni muungano basi mi sijui kumeza ni nini.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka damu ya watu. Unaongea kana kwamba Cavour alikaa na kalamu akachora ramani peke yake. Machi 1848 watu wa Milano walipigana siku tano mitaani, mafundi, wanawake, vijana wa shule, wakalitoa mjini jeshi la Austria lililokuwa linawatawala. Venezia ilijitangazia jamhuri, ikazingirwa, ikavumilia njaa na kipindupindu mpaka Agosti 1849. Roma jamhuri ya 1849, Mazzini, mhubiri wa Italia moja isiyo na mfalme, yumo, Garibaldi yumo kwenye kuta, walivunjwa na jeshi la Ufaransa. Hao nani aliwatuma? Piedmont? Mazzini alikuwa amehukumiwa kifo na hiyohiyo Piedmont!

Na Sicilia yenyewe usisahau Palermo walinyanyuka Aprili 1860, mwezi mzima kabla Garibaldi hajafika. Ndo maana watu elfu moja waliweza kupambana na jeshi la zaidi ya 20,000, bila wenyeji wangefutwa siku ya kwanza. Walikuwa wanamkimbia mfalme wa Napoli ambaye wapinzani wake wanafungwa minyororo gerezani. Walidhulumiwa baadaye kwenye ardhi, nakubali, ila kudhulumiwa baada ya mapinduzi sio ushahidi kwamba mapinduzi hayakuwa yao.

Mchangiaji wa pili:

Mimi niko Malindi, na nyinyi mnajua Malindi na Waitaliano. Nimefanya kazi hotelini miaka mingi nikajifunza lugha yao kwa kusikia tu. Nawaambia ule mpaka wa kaskazini na kusini uko hai. Nimemhudumia mzee wa Milano siku nzima anawasema watu wa Napoli, wavivu, wanakula kodi yetu, kuna neno wanawaita, terroni, yaani watu wa udongo, si neno la kumwambia mtu. Jioni akaja mgeni wa Napoli akakaa meza ya pili, nikajua leo kuna vita. Ikaanza mechi ya timu yao ya taifa kwenye televisheni, wote wawili wakasimama wakaimba wimbo wao, mzee machozi yanamtoka. Sasa mleta mada, yale machozi yalikuwa ya kumezwa?

Mchangiaji wa tatu:

Mimi kwetu ni Mombasa ila asili yetu Barawa, mji wa pwani ya Somalia, nyumbani tunaongea Chimwiini, Kiswahili cha huko, kwa hiyo hii mada inanigusa kwa upande ambao hamjautaja. Barawa, Marka na Mogadishu zilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, akawakodisha Waitaliano 1892, na 1905 wakazinunua kabisa. Hawajatimiza miaka 50 tangu waseme kila taifa lina haki ya kujitawala, tayari wako kwenye pwani yetu wananunua miji yenye watu ndani.

Na mtazameni Francesco Crispi. Msicilia, alikuwa mmoja wa wale elfu moja wa Garibaldi, mtu wa Mazzini hasa. Akaja kuwa waziri mkuu. 1894 wakulima wa Sicilia kwao walipoandamana kudai ardhi na kodi ipunguzwe, ni yeye aliyetangaza hali ya hatari na kupeleka jeshi. 1896 ni yeye aliyesukuma vita vya Ethiopia mpaka wakapigwa Adwa tarehe 1 Machi, akaanguka. Mtu mmoja, maisha mamoja. Kwa hiyo mkibishana kama waliungana au walimezwa, mi nauliza huo utaifa ukishashiba unamgeukia nani, maana sisi tuliupokea kama mzigo uliotoka baharini.

Mleta mada:

Nimesoma wote, ahsanteni. Ndugu yangu wa Barawa umenipa kitu, Crispi nilimjua kwa Adwa tu, sikuwahi kumuweka karibu na Bronte.

Mchangiaji wa kwanza, kwa Palermo ya Aprili umenishika, nimeandika kana kwamba Wasicilia walikaa wakingoja waokolewe, nimekosea. Lakini tenganisha mambo mawili mkuu. Kumkataa mfalme wa Napoli ni jambo moja, kukubali kutawaliwa kutoka Torino ni lingine, na wengi pale Sicilia walitaka Italia ambayo kisiwa kinajiamulia mambo yake. Hilo halikuwa kwenye karatasi ya kura. Mazzini unayemtaja mwenyewe alikufa Pisa 1872 kwa jina la bandia, kwenye Italia iliyokwisha kuungana. Angekuwa ameipata aliyoitaka asingejificha ndani yake.

Kuhusu machozi ya Malindi, nayaamini kabisa. Ila yale yalikuja baadaye, kwa shule, kwa mitaro ya Vita vya Kwanza vya Dunia walivyoingia 1915, ambako mtu wa Calabria ya kusini alilala tope moja na mtu wa Veneto ya kaskazini, na kwa televisheni iliyoanza 1954 ikaingiza Kiitaliano jikoni. Taifa lilitengenezwa baada ya dola, sio kabla.

Mchangiaji wa kwanza:

Basi nijibu hili moja. Juni 1946 waliulizwa jamhuri au mfalme, kura ya siri, wanawake wamo. Jamhuri milioni 12.7, mfalme milioni 10.7. Kusini, hukohuko unakosema kulimezwa, ndiko waliompigia Savoia, Napoli zaidi ya robo tatu walimtaka mfalme abaki. Waliomezwa wanampigia kura aliyewameza?

Mleta mada:

Hilo gumu, sitajifanya nina jibu la mkato. Kaskazini walikuwa wametoka kupigana na Wajerumani na mafashisti kwa miezi 20, wakamuona mfalme alivyokimbia Roma Septemba 1943. Kusini vita viliwapita mapema, na kwa mwanakijiji mwenye njaa jamhuri ilikuwa tena kitu cha kuletewa kutoka kaskazini. Ila tazama na Sicilia mwaka huohuo. Tarehe 15 Mei 1946, wiki mbili na ushee kabla ya kura unayoitaja, walipewa katiba yao ya kujitawala kwa mambo ya ndani, maana wanaotaka kujitenga walikuwa wameshashika silaha. Ni kilekile ambacho 1860 hawakuulizwa, kimechukua miaka 86.