Namna gani replike ya filme (maneno yenye muntu anasema mu filme) inaingia mu midomo ya bantu? Naomba ushauri

MwanaKatuba
Jambo yenu bote. Siye tuko gurupe ya teatre huku Katuba, mu Lubumbashi, tunatengeneza filme fupi fupi na telefone tunatuma ku WhatsApp. Sasa tuko na moya ya mama mwenye kuuzisha makala, kuko muntu eko na deni yake na kila siku anamukimbia. Mama anakuya asubui mapema, anapiga hodi, ule muntu anajificha ndani, mama anasema: "Weye, deni ya makala yangu ya mwezi wa tatu utalipa tu, mi sina haraka, nilikuya na mukeka." Kisha anatandika mukeka paka pale ku mulango, anaikala. Tunataka ile replike itoke mu filme, bantu baiseme ku soko na mu taksi. Lakini gurupe imegawanyika, bamoya banasema mama airudilie mu kila sene mpaka ikamate, bengine tuiweke mu Kifaransa juu ba Kinshasa nabo baisikie, na mama mwenye kucheza, ni mukubwa wetu, anataka kuisema namna yake. Bayaya na bakubwa, tufanye nini?

Yaya_Ruashi
Ndugu, replike iko muzuri sana lakini ni murefu. Kata makala, kata mwezi wa tatu. Mu 2012 bachunguzi ba Université ya Cornell kule Marekani balikamata replike zenye bantu banakumbuka, bakazilinganisha na zingine za ule ule muntu mu ile ile filme, za urefu karibu moya. Zenye zinabaki ziko na maneno yenye haizoeleke sana lakini juu ya sentensi ya kawaida, na hazifungwe na habari ya ile filme peke yake, muntu anaweza kuibeba akaenda kuitumia pengine. Deni ya makala ni ya ule mama tu. Mukeka ni ya kila muntu: mwenye kupanga mustari ku banki, mwenye kungojea mushahara, binti mwenye banamuambia mahari itakuya mwaka kesho. Mi mwenyewe nimeisha kuipenda.

Mukubwa_Kamalondo
Kuirudilia mu kila sene hapana, bantu batachoka nayo mbele ya kuipenda. Angalieni filme Terminator ya 1984. Schwarzenegger, mwenye kuicheza, anafika ku biro ya polisi, banamukatalia kuingia, anasema "I'll be back" (nitarudi), maneno yenye muntu anasemaka hata akienda kununua mukate. Kisha anarudi na motokari, anapasua ile biro yote. Ile motokari njo ilibeba replike. Sasa kwenu mukeka njo motokari: mama akiisha kusema, kamera ibaki juu ya mukeka, musiweke muziki, musiweke muntu wa kucheka pembeni. Na juu ya mama: Schwarzenegger naye alitaka aseme "I will be back" juu ile "I'll" ilikuwa inamusumbua ku ulimi, James Cameron, reyalizatere (mwenye kuongoza filme), akakatala. Reyalizatere eko na haki ya kukatala.

Dada_BelAir
Mukubwa, kwa heshima yote, pale mi nakatala. Schwarzenegger alizaliwa Austria, Kiingereza haikuwa yake, lakini uyu mama anasema kiswahili yake mwenyewe, na bantu bataiga ulimi wake, hawataiga karatasi. Aiseme mara mingi, muandike ile yenye inatoka. Tena muyue, hata mukikaza namna gani bantu bataigeuza. Mu 1970 baastronote ba Apollo 13, benye balikuwa banaenda ku mwezi, balisema "we've had a problem" (tumepata shida), filme ya 1995 juu ya ile safari ikaifupisha ikakuwa "we have a problem" (tuko na shida), na ile ya filme njo dunia nzima inasema. Darth Vader, ule mubaya wa filme za Star Wars, mu 1980 alimuambia mutoto wake Luke "No, I am your father" (hapana, mi njo baba yako), bantu bakaitia jina la Luke mbele juu bila ile jina muntu wa inje hawezi kuelewa ni filme gani. Basi siku mutasikia imegeuzwa ku marché Kenya ya hapa Lubumbashi, musikasirike, ni dalili imeisha kushika.

Mukubwa_Kamalondo
Sawa dada, nimekusikia. Juu ya Kifaransa lakini sibadilike. Gurupe ya Mufwankolo ilicheza miaka mingi ku radio na ku tele na kiswahili ya hapa hapa Lubumbashi. Mu 1986 balikamata musemo yenye ilikuwa inasemwa mu Kifaransa, "le pouvoir se mange entier" (utawala unaliwa muzima), bakaijengea teatre nzima mu kiswahili. Babo balitosha musemo kule bakailetea huku kwetu, weye unataka kutosha yetu uipeleke kule? Muache vile iko, Kinshasa itauliza maana.

MwanaKatuba
Asanti sana bakubwa. Tumekata makala na mwezi wa tatu, Kifaransa tumeacha, na itasemwa mara moya tu. Tulimuacha mama aiseme namna yake, ikatoka hivi: "Haraka sina, mukeka ninao." Gurupe yote ilikubali palepale, na mi pia naona inapita ile yenye niliandika. Tunapiga tena ile sene siku ya posho. Mwenye kuwa na mukeka ya majani, siyo ya plastike, anaweza kutuazima? Tutairudisha siku ya mungu.