Tupeane uzoefu: Programu ya Python kwa vifurushi vya Debian stable

Wakuu, wanaotunza seva karibuni. Tuweke hatua za kuendesha programu kwa maktaba za apt (kisakinishi cha Debian), bila kuvuta kila kitu kwa pip (kisakinishi cha Python).

Naanza. Kabla ya kuandika kodi, uliza ripo (ghala la vifurushi vya Debian) ina nini, mfano maktaba ya kuunganisha Python na PostgreSQL: `apt policy python3-psycopg2`. Debian 13 ina Python 3.13 na hifadhidata ya PostgreSQL 17, na hapo hapabadiliki mpaka toleo lijalo. Andika programu yako kwa matoleo hayo. Ukipiga `sudo pip install` utakutana na kosa la externally-managed-environment, yaani Debian inazuia pip kugusa Python ya mfumo. Tafadhali usilipite kwa `--break-system-packages`. Pip itaweka nakala yake ndani ya /usr/local, na Python huisoma hiyo kabla ya ile ya apt. Kiraka cha usalama kikija, apt itasema imesasisha, kumbe programu bado inatumia nakala yenye tundu.

fundi_seva: Mkuu, naongezea. Maktaba moja ikikosekana kwenye ripo, tengeneza venv (folda ya Python iliyotengwa) inayoona pia maktaba za apt: `python3 -m venv --system-site-packages /opt/duka/venv`, kisha uvute hiyo moja tu, na toleo lake ulitaje kwa `==`. Halafu kagua kwa `pip list --local`. Ukiacha pip yenyewe, ikitokea orodha ya vitu kumi badala ya kimoja, maktaba hiyo imedai matoleo mapya kuliko ya apt au vitu ambavyo hujaviweka kwa apt, na hivyo vyote kumi sasa ni mzigo wako kuvifuatilia. Mara nyingi toleo la nyuma kidogo la maktaba hiyohiyo linakubaliana na ripo. Jaribu hilo kwanza. Ukitoka Debian 12 kwenda 13, Python inahama 3.11 hadi 3.13, kwa hiyo venv ifute uijenge upya.

mama_terminali: Kwenye sources (faili la apt linalotaja ripo) andika `trixie`, jina la Debian 13, usiandike `stable`. Tarehe 9 Agosti 2025 neno stable lilihama kutoka bookworm (Debian 12) kwenda trixie. Aliyekubali swali la apt bila kulisoma alianza kupandisha toleo zima siku ambayo hakujipanga. Backports (ripo ya vifurushi vipya vilivyojengwa kwa stable) haina shida: kipaumbele chake ni 100 dhidi ya 500 ya kawaida, haiingii mpaka uiite kwa `-t trixie-backports`. Cha kuogopa ni kuchanganya na sid, Debian ya majaribio. Kifurushi kimoja kinaweza kuvuta libc6 mpya (maktaba ya msingi inayotegemewa na karibu kila programu), na kuirudisha nyuma ni kazi ngumu mno.

kijana_wa_mtandao: Je, mkaguzi wa usalama akilalamika kwamba openssl (maktaba ya usimbaji) ni ya zamani?

fundi_seva: Namba ya mbele haitoshi kukuambia. Mara nyingi Debian huchukua kiraka na kukibandika kwenye toleo lilelile, kisha hubadilisha mkia wa namba, mfano deb13u1 kuwa deb13u2. Piga `apt changelog openssl | grep CVE`, umpe namba za CVE (namba za utambulisho wa matundu ya usalama) zilizozibwa.

mama_terminali: Na weka `unattended-upgrades` (husasisha yenyewe) pamoja na `needrestart` (hukuonyesha huduma za kuwasha upya). Huduma iliyokwisha kupakia maktaba kwenye memori huendelea na ile ya zamani mpaka uiwashe upya.