Kundi la wakulima wa korosho limegeuzwa duka la msimamizi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha, kwa sababu wakulima wengi wa korosho wa Tandahimba, Newala na Nanyamba waliingia katika kundi letu la WhatsApp kwa nia ya kusaidiana, na leo wamefanywa wateja bila kuulizwa.

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani korosho kukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, ulipoanza mkoani Mtwara mwaka 2007, mkulima anayepeleka mzigo kwenye chama cha msingi cha ushirika hulazimika kusubiri mnada, kisha malipo, na asipopata mtu wa kumpa taarifa hubaki kusikiliza uvumi. Sisi tulipeana taarifa hizo wenyewe: bei ya mnada, makato, ghala lililojaa, chama kilichochelewesha fedha. Hakuna aliyelipwa hata senti.

Faida kubwa zaidi ilionekana msimu wa kupuliza dawa. Mtu akituma picha ya maua yaliyoshikwa na ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe unaoyakausha kabla hayajabeba, wazee walimuuliza kwanza mikorosho imechanua kwa kiasi gani, alipuliza lini mara ya mwisho, na kama salfa, dawa ya unga ya ugonjwa huo, aliipuliza alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaanza. Mwezi uliopita mama mmoja alituma picha ya namna hiyo, akajibiwa kwa namba ya simu ya muuza viuatilifu na bei ya chupa, basi. Mzee aliyeuliza dawa hiyo ina kiambato gani na kama imesajiliwa alifutiwa ujumbe wake, kisha akaondolewa kundini. Baadaye ndipo tulipofahamu kwamba msimamizi wetu ni mshirika wa muuzaji huyo.

Sipingi biashara. Pembejeo zinahitajika, na muuzaji mwaminifu aliye karibu ana msaada mkubwa kwetu. Lakini anayeshauri akiwa ndiye anayeuza, na akawa pia ndiye mwenye uwezo wa kufuta maswali, mkulima hana pa kuhakiki analoambiwa. Na akikosea dawa wakati wa maua, mavuno ya mwaka huo yamekwenda.

Kilichonichoma zaidi ni namba zetu. Wanachama wanapigiwa simu na watu wa kangomba, yaani walanguzi wanaonunua korosho nje ya mnada, wanaowataja kwa majina na kutaka korosho zingali mitini, kwa bei ya kumnyonya mtu aliyebanwa na ada ya mtoto. Tumeuliza namba hizo zimetoka wapi, na hadi leo hatujajibiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mkulima kama inavyomlinda mteja wa benki.

Tunamtaka msimamizi aeleze mbele ya wanachama maslahi aliyo nayo na waliopewa namba zetu. Mzee aliyeondolewa arudishwe na kuombwa radhi, matangazo yahamie katika kundi la biashara ambalo mtu ataingia kwa hiari yake, na usimamizi wakabidhiwe watu watatu watakaochaguliwa na wanachama, asiwemo muuza pembejeo yeyote. Akikaa kimya, tutapeleka suala la namba kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wenzetu wa Masasi, Ruangwa na Nachingwea, kama magrupu yenu nayo yamefikwa na haya, elezeni hapa mlichukua hatua gani.