Mwaka wa kwanza chuoni: aanze na C au Python?

Wadau, kuna hoja imeletwa kwamba kozi ya utangulizi wa kompyuta chuoni lazima ianze na lugha ya programu ya C, eti lugha nyingine, Python, inamdekeza mwanafunzi. Mimi napinga.

Wengi wanaoingia mwaka wa kwanza hawajawahi kuandika programu, na wapo wanaoishika kompyuta kwa mara ya kwanza wakiwa chuoni. Mtu huyo akitaka tu neno Habari litokee kwenye skrini, C inamdai aite stdio.h, afungue main, aweke mabano, amalizie na nukta mkato. Siku hiyo hawezi kuelezwa hata kimoja akaelewa, kwa hiyo anakariri. Akisahau nukta mkato, mara nyingi kompaila (programu inayotafsiri msimbo uende kwenye mashine) inalalamikia mstari unaofuata, naye anabaki kukagua mstari usio na kosa. Kwa Python anaandika print na neno lake, basi.

Kibaya zaidi ni kosa lisilojitangaza. Mpe atafute wastani wa alama 67 na 72. Akizijumlisha kama namba kamili na kugawa kwa 2, C inampa 69. Nusu imekatwa, onyo hakuna. Python 3 inampa 69.5. Watetezi wa C watasema hapo ndipo anapojifunza aina za data. Kweli, na ni lazima ajifunze, ila muhula wa pili, akiwa ameshaelewa sharti (if) na kitanzi (loop). Wiki ya pili atadhani hesabu ndiyo iliyomshinda.

Wanaotetea C kwa mfano wa CS50, kozi ya utangulizi wa kompyuta ya Harvard, wauseme wote. Kozi ile inaanza na Scratch, lugha ya picha ambayo mwanafunzi anapanga vipande vya amri bila kuandika msimbo, ndipo inaingia C, halafu Python. Tena ina wasaidizi wengi wa kukaa na mwanafunzi. Kwetu zipo maabara ambazo wanafunzi watatu wanagombania mashine moja.

C ibaki. Anayesomea uhandisi wa kompyuta asihitimu bila kujua pointa (kigezo kinachoshika anwani ya mahali kwenye kumbukumbu) na jinsi kumbukumbu inavyogawiwa. Ninachokataa ni kuifanya chujio la mlangoni, mtu anapata sapu kwa kusahau alama ya & kwenye scanf (amri ya C ya kupokea data), tena kwenye mtihani wa karatasi ambako hana kompaila ya kumwonyesha alipokosea.

Walimu mnaofundisha C muhula wa kwanza, tuambieni: mkifika kwenye pointa, ni wangapi darasani bado wanawafuata?