Ushauri: Nitie sahihi ombi la kufunga baa siku za Idi na Ijumaa Kuu?

BintiKisauni

Asalaam aleykum wana jukwaa, na wasiokuwa Waislamu hamjambo nyote. Nahitaji ushauri wa kweli kabla ya kikao cha Jumapili.

Mimi ni katibu wa kamati ya mtaa wetu hapa Kisauni. Wazee wameandika ombi la kupelekwa bunge la kaunti. Wanataka pombe isiuzwe popote Mombasa siku za Idi zote mbili, Maulidi, Ijumaa Kuu na Krismasi, na Ramadhani nzima isiuzwe mpaka watu watoke sala ya tarawehe usiku. Wachungaji wa mtaani wameliunga mkono, ndiyo maana siku zao nazo zimo. Imebaki sahihi yangu na muhuri wa kamati.

Kilio chenyewe nakijua, ni changu pia. Kuna baa iko njiani mwa madrasa na spika zake zaelekea barabarani. Idi iliyopita watoto warudi kutoka uwanja wa Makadara kwenye bembea, na nguo zao mpya, wapita katikati ya walevi. Ramadhani mlango u wazi tangu asubuhi. Mtoto anayefunga saumu yake ya kwanza apita hapo akitoka madrasa, aitwa na kutaniwa. Mtu asiniambie hilo ni dogo.

Lakini mtaa si wetu peke yetu. Jirani yetu mzee wa Kigiriama ana mangwe, auza tembo la mnazi tangu sijazaliwa. Sijasikia muziki kwake hata siku moja, na mtaa ukifiwa hufunga mwenyewe bila kuambiwa. Ombi hili lamfunga yeye sawasawa na yule wa spika. Tena najiuliza: wakija Wasabato kesho na ombi kwamba maduka yote yafungwe Jumamosi, sisi tutawajibu nini?

Nitie sahihi? Na nisipotia, wazee niwape nini badala yake?

Ustadh_Bondeni

Wa aleykum salaam mwanangu. Tia sahihi, na Mungu akulipe.

Sura ya Al-Maida aya ya 90 iko wazi kuharamisha ulevi, sina haja ya kukufunza. Waliolaaniwa kwa ajili ya khamri (pombe) ni kumi, na muuzaji ni mmoja wao. Mji huu ulikuwa na misikiti karne na karne kabla ya baa ya kwanza. Wanavyuoni hawakusema asiyekuwa Mwislamu aadhibiwe kwa kinywaji chake. Walichokikataza ni kukitangaza mbele ya Waislamu. Sasa siku chache katika mwaka zimekuwa nyingi? Na wachungaji wenyewe wameridhia. Jirani mwema ataelewa.

MamaMikindani

Dada, mimi nina baa, kwa hiyo ujue kabisa nazungumza kutoka upande gani.

Ijumaa Kuu mimi hufunga. Mimi ni Mkatoliki, siku ile nakwenda Njia ya Msalaba na wasichana wangu wa kazi wanapumzika. Hakuna aliyenilazimisha. Nafunga kwa sababu Bwana wangu alisulubiwa siku hiyo na sioni raha kufungua kreti. Siku kaunti itakaponiamuru, kile ninachomtolea Mungu kitakuwa ni kumwogopa kanjo, askari wa kaunti, tu. Naomba msiniondolee.

La pili, nyinyi mnaoandika maombi hamjui yanafikaje huku chini. Ikitoka amri ya kufunga siku fulani, baa hazifungwi. Mlango wa mbele unafungwa, wa nyuma unafunguliwa, bei inapanda, na anayekuja kukagua anaondoka na chake mfukoni. Mwenye baa kubwa analipa hiyo hongo bila kujikuna. Mimi siwezi. Wahudumu wangu wanalipwa kwa siku, na Krismasi ndiyo siku wanapata cha kununulia watoto nguo.

Huyo wa spika barabarani simtetei hata kidogo. Anatuharibia jina sote.

WakiliTudor

Nasoma hapa watu wanabishana kuhusu ombi bila kuangalia sheria iliyopo inasema nini. Tuanzie hapo.

Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, ile watu waitayo sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta, iliweka saa. Baa ya kawaida, Jumatatu hadi Ijumaa, ni saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku. Wikendi na sikukuu ni saa nane mchana hadi saa tano usiku. Sasa pima na ombi lenu. Ramadhani siku za kazi, Magharibi hapa Mombasa huingia baada ya saa kumi na mbili jioni. Maana yake kisheria baa na saumu hukutana muda mfupi tu kabla ya futari. Dada, huyo anayefungua asubuhi anavunja sheria mwezi wa Rajabu kama anavyoivunja Ramadhani. Hamhitaji sheria mpya ya dini kumfunga. Mnahitaji hii ya zamani ifanye kazi.

Upande wa pili, kipengele cha tarawehe. Zikiisha saa tatu na kitu usiku, mmemwachia mfanyabiashara kama saa moja na nusu. Huko ni kumfunga mwezi mzima kwa jina jingine, na mahakama itaona hivyo.

Kuhusu Katiba: Kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa. Cha 32 kinalinda imani ya kila mtu, cha 27 kinakataza kubagua kwa sababu ya dini. Haki inaweza kuwekewa mipaka chini ya Kifungu cha 24, lakini anayeweka mipaka lazima aonyeshe sababu inayokubalika katika jamii huru, na kwamba hakuna njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lile lile. Ombi linalosema "kwa sababu ni siku yetu takatifu" litakwama papo hapo. Linalosema "watoto, kelele, usalama wa barabara" lina miguu.

Si Kenya tu. Marekani majimbo mengi yalikuwa na sheria za kufunga biashara Jumapili, na asili yake ni kanisa, hakuna aliyekana. Mwaka 1961, katika kesi ya McGowan dhidi ya Maryland, Mahakama ya Juu ya nchi ile iliziacha zisimame, ikisema kwamba wakati huo lengo lake lilikuwa siku moja ya mapumziko kwa watu wote. Zilinusurika kwa sababu ya lengo la kidunia.

Leseni za vileo ni kazi ya kaunti, Jedwali la Nne la Katiba. Kwa hiyo mlango mliobisha ni sahihi. Maneno ndiyo yanahitaji kubadilishwa.

Ustadh_Bondeni

Wakili, nakushukuru kwa hizo saa, sikuwa nimezipima na Magharibi. Lakini tazama ulichosema: Idi ikitangazwa sikukuu, sheria yamruhusu mwenye baa kufungua saa nane mchana badala ya saa kumi na moja. Yaani siku yetu takatifu ndiyo yampa saa tatu za ziada! Hilo laingia akilini kweli?

Na jambo jingine. Unatuambia tuseme "kelele" ilhali moyoni tunasema "haramu". Mimi sipendi kuficha dini yangu chini ya karatasi ya serikali.

WakiliTudor

Ustadh, hoja yako ya saa nane ni nzito kuliko zote zilizoandikwa hapa. Iombeni hiyo: sikukuu zote, bila kutaja dini, zifuate saa za siku ya kazi. Jamhuri nayo imo. Hapo hakuna aliyebaguliwa.

Kuhusu kuficha, sikubaliani nawe. Mtoto kupita katikati ya walevi ni dhara kwa mtoto wa Kiislamu, wa Kikristo na wa asiye na dini. Imani yako ndiyo iliyokuamsha ukaliona, na hilo ni jema. Lakini unapoiomba serikali itumie askari, iombe kwa sababu ambayo hata anayeadhibiwa anaweza kuielewa.

MjukuuWaMgema

Mimi ni wa Kaloleni, tumelelewa na kusomeshwa kwa mnazi. Nataka wanaoandika sheria waelewe kitu kimoja kuhusu kazi hii.

Mgema hupanda asubuhi na jioni. Karara, ala ya maua ya mnazi, likishaanza kugemwa lazima lichongwe kila siku. Ukiliacha, jeraha linakauka na tembo linakatika. Mti haujui Idi wala Krismasi. Na tembo halingoji. La asubuhi ni tamu, jioni limekuwa kali, kesho kutwa linakaribia siki. Mwenye baa akifungiwa siku moja, bia yake inalala kwenye friji na kesho anaiuza kwa bei ile ile. Mzee wa mangwe anamwaga. Kwa hiyo marufuku inayoonekana sawa kwa wote inamuumiza yule maskini zaidi, ambaye mwenyewe umesema hana kosa.

Halafu hili la dini. Sisi Wamijikenda posa ya jadi haikamiliki bila mnazi, na wazee wa kaya, makao matakatifu ya mababu msituni, wakitambika huumwaga chini. Misitu ya kaya imo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2008, na si kwa ajili ya miti tu, ni kwa ajili ya ibada hiyo. Ombi limeorodhesha siku takatifu za Waislamu na Wakristo. Letu sisi halikuulizwa na mtu. Mkisema pombe inanajisi siku takatifu, kuna jirani yenu ambaye siku yake takatifu haiendi bila kinywaji hicho. Ustadh, nasema kwa heshima, shikamoo.

Ustadh_Bondeni

Marahaba mjukuu wangu. Nimekusikia.

Baharia_Likoni

Nimetia nanga Colombo mara nyingi. Kule Sri Lanka kila mwezi mpevu ni siku ya Poya ya Mabudha na pombe haiuzwi. Mji hutulia, familia zimevaa nyeupe zaelekea hekaluni, na mimi Mwislamu nilipenda kuuona utulivu ule. Lakini anayetaka kunywa amenunua jana yake.

Hapa kwetu ni rahisi zaidi kukwepa. Mkifunga Mombasa, daraja la Mtwapa liko pale, ukivuka uko Kaunti ya Kilifi. Ukivuka feri huku kwetu ukaendelea kusini, ni Kwale. Vijana watajaa bodaboda kwenda Mtwapa na kurudi usiku wamelewa. Mwaombea watoto usalama mkiongeza hatari barabarani.

MswahiliLimerick

Salamu kutoka Ayalandi, mimi ni mtoto wa Majengo. Nchi hii ilipiga marufuku kuuza pombe Ijumaa Kuu, Krismasi na sikukuu ya Mtakatifu Patrick kwa sheria ya 1927. Ya Patrick ikaondolewa miaka ya 1960. Ya Ijumaa Kuu ilidumu mpaka 2018. Krismasi bado ipo hadi leo.

Wenyeji wanasimulia kwamba Alhamisi kabla ya Ijumaa Kuu foleni za madukani zilikuwa kama watu wanajiandaa kwa vita. Na sheria yenyewe ilikuwa na matundu: mgeni wa hoteli akila chakula aliuziwa, msafiri wa treni aliuziwa. Mwaka 2010 mechi kubwa ya raga, Munster na Leinster, ikaangukia Ijumaa Kuu hapa Limerick. Wenye baa wakaenda mahakamani, hakimu akawaruhusu kufungua. Sheria ikasimama miaka minane mingine, lakini nafikiri ilikuwa imeshavunjika, kwa sababu kila mtu aliona kwamba ibada inaweza kusogezwa pembeni kwa ajili ya mechi.

Dada, angalia ombi lenu linasema nini kuhusu hoteli za kitalii za Nyali na Bamburi. Zikisamehewa, nanyi mtakuwa mmeandika kwamba mtalii ana ruhusa na mgema hana.

BintiKisauni

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Ahsanteni sana, Mungu awalipe.

Ombi nimelifungua tena sasa hivi. Hoteli za kitalii zimesamehewa, liko ukurasa wa mwisho. Sikuuona uzito wake mpaka MswahiliLimerick alipolitaja.

Sitatia sahihi kama lilivyo. Jumapili nitawaeleza wazee wazi, na nitawapa kitu cha kushika mkononi, kwa sababu kilio chao ni cha haki na sitaki watoke mikono mitupu. Kwanza, barua dhidi ya baa ile moja, kwa jina lake: saa inazofungua na spika zake. Pili, ombi kwa bunge la kaunti kwamba sikukuu zote zifuate saa za siku ya kazi, kama alivyouliza Ustadh. Ramadhani na Idi, kamati iende kwa wenye baa wenyewe iwaombe kwa mdomo, kama majirani. Mangwe ya mzee haimo popote, na nitamwendea kabla ya kikao asije akasikia kwa watu.

Najua kuna watakaosema nimeuza dini. Dini yangu imenifunza haki ya jirani kabla sijajua kusoma.

Ustadh_Bondeni

Mwanangu, kuhusu Idi sijakubali, nami nitakuja kikaoni kulisema. Barua ya baa ile nitaitia sahihi wa kwanza.

MamaMikindani

Mkija kuomba kwa mdomo, anzeni na sisi tunaojulikana. Mimi Idi nitafungua saa kumi na mbili jioni, muziki chini. Nitawaambia na wenzangu.

BintiKisauni

Wakili, swali la mwisho: barua ya baa naipeleka wapi hasa, na kelele nazo zaingia humo humo?

WakiliTudor

Leseni huhuishwa kila mwaka, na mkaazi ana haki ya kuweka pingamizi. Anza na kamati ya leseni ya kaunti ndogo, nakala kwa mwakilishi wadi na kwa kituo cha polisi. Kelele ziandikie barua yake peke yake kwa NEMA, mamlaka ya mazingira, wana kanuni za kelele za 2009. Andika tarehe na saa za kila siku walipofungua asubuhi, na majirani kadhaa watie sahihi, wa dini zote. Mwombe na yule mzee wa mangwe.