Mrejesho: rangi ya FM 4-64 imekaa kwenye utando wa seli

Wakuu, niliuliza kwa nini FM 4-64, rangi ya kung'arisha utando wa seli chini ya hadubini, haitulii kwenye utando wa nje wa seli za hamira, inaishia kuwa madoadoa ndani. Ushauri mlionipa wa kuweka seli kwenye barafu umejibu. Nimepoza seli na bafa (kimiminika zinamokaa) kabla ya kutia rangi, nikakimbilia hadubini: pete nyembamba nyekundu kuzunguka kila seli, katikati kweusi tii. Kumbe kwenye maji rangi hii haing'ai sana. Inawaka ikishajipachika kwenye mafuta ya utando, na baridi huizuia seli isiumeze utando wake pamoja na rangi, ndiko madoadoa yanakotoka. Sampuli nyingine niliiacha nyuzi 30. Madoa yakarudi, na baada ya kama saa moja pete ikahamia kwenye vakuoli, kile kifuko kikubwa ndani ya seli. Picha tamu kuliko ile niliyoitafuta! Aliyesema nibadilishe rangi, samahani mkuu, kichupa kile ghali bado kinatumika.