Bibi harusi aliyeingia mitini Moshi: acheni kumchafua mtoto wa watu, hesabu za michango ninazo mimi

Wakuu, nimevumilia imetosha. Tangu ile harusi ya hapa Moshi ivunjike, kila nikishika simu nakuta mtu anaeleza kwa uhakika kabisa kwa nini bibi harusi alikimbia, na ukimuuliza amejuaje anakwambia "kasema shemeji wa rafiki yangu". Mimi ni mweka hazina wa kamati ya harusi, upande wa bwana harusi. Kama kuna watu wenye haki ya kununa, ni sisi. Lakini mnachokifanya kwa huyu binti ni unyama, na safari hii sinyamazi.

Tuanze na hela, maana ndiyo inayowawasha. Kuna voisi inazunguka kwenye magrupu kuanzia Pasua hadi Himo, jamaa anasema "kakomba michango yote, yuko Dar anakula bata". Mwongo mkubwa. Michango ya kamati iliingia kwenye namba moja ya simu, kisha benki, na kule haitoki bila saini ya mwenyekiti, ya katibu na ya kwangu. Bibi harusi hajashika hata senti. Kilichotoka ni malipo ya awali ya ukumbi, mpishi, matarumbeta na mpiga picha, na risiti zake zimebanwa kwenye daftari, aje anayetaka aziangalie. Hela ya sendofu, hiyo ya kamati ya upande wa kwao, ililiwa ukumbini mbele yenu. Ndafu mlikula, bia mlikunywa, mkacheza mpaka mkapoteza viatu. Sasa kakomba nini?

Halafu uongo wenyewe haujapangwa hata ukapangika. Grupu moja, mtu yule yule, asubuhi kaandika binti ana mimba ya mwanaume mwingine. Jioni kaandika kakimbia kwa sababu hazai! Wengine wamemuona Namanga akivuka kwenda Kenya, wengine kwa mganga Pare, saa ile ile. Na bwana harusi naye hamkumwacha. Mara anapiga, mara ana ugonjwa, mara "mwanaume mzima hawezi kukimbiwa bure". Kijana wa watu anakwenda kazini kichwa chini, na bado kuna wanaomtumia hayo maneno wakimwambia "pole kaka, nimekutana na hii".

Ukweli ambao familia zote mbili zinaujua ni huu: aliondoka Jumatano, harusi ilikuwa Jumamosi, na usiku ule ule alimpigia mama yake. Akasema ni mzima, yuko kwa watu anaowaamini, hawezi kuolewa, na anaomba radhi. Polisi walikuwa wameshapewa taarifa, wakajulishwa kwamba amepatikana hewani. Basi. Sababu yake hakuisema, na mpaka aiseme hakuna mwenye nayo.

Kwa hiyo ile picha yenye maandishi mekundu "ANATAFUTWA" inamtafuta nani? Imekatwa kutoka kadi ya sendofu, bega la mchumba wake bado linaonekana pembeni. Mtu alikaa chini, akachagua rangi, akaandika, akasambaza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina kifungu cha 23 kuhusu kumnyanyasa mtu mtandaoni. Familia ikiamua kwenda nacho, msije kulia hapa.

Mama yake anauza ndizi Mbuyuni. Nilipita pale nikaona kwa macho yangu. Wanakuja kina mama wawili, wanashika mkungu, wanauliza bei, lakini macho yako usoni kwake. Anawatajia bei. Wanatazamana, wanaondoka. Hatua chache tu wanaanza kucheka. Mama akaurudisha mkungu mahali pake, akaufuta na kanga. Nilisikia hasira mpaka mikono ikatetemeka.

Mnaodai kwamba mwanamke akikimbia harusi lazima pana uchafu nyuma yake, mlikuwa wapi Aprili 2005? Kule Duluth, jimbo la Georgia, Marekani, binti mmoja alitoka kufanya mazoezi ya kukimbia siku nne kabla ya harusi ya wageni 600, hakurudi. Mji mzima ukamsaka, na minong'ono ikamwangukia mchumba wake kwamba huenda ndiye kamfanyia kitu. Kumbe binti alipanda basi, na akapiga simu kutoka Albuquerque, New Mexico. Alidanganya kwanza kwamba ametekwa, baadaye akakiri. Mahakama ilimwadhibu kwa kuwadanganya polisi. Kukataa kuolewa hakukuwa kosa. Na huyu wetu hata huo uongo hakuusema.

"Angesema mapema." Hapo nakubaliana nanyi, na imeniuma sana kwa ajili ya ndugu yangu, alistahili kuambiwa ana kwa ana. Ila niambieni, angemwambia nani? Vikao vya kamati vilikwenda wiki hadi wiki, tukagombania rangi ya vitambaa na idadi ya kreti, yeye hakukalishwa hata kimoja. Matangazo ya ndoa kanisani yanasomwa Jumapili tatu ili mwenye zuio alitoe. Jirani akitoa zuio, wazee wanakaa wanamsikiliza. Bibi harusi akiwa nalo yeye mwenyewe, mnamwita mwenye laana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 16, inataka hiari ya wote wawili. Pasipo hiari pale hakuna ndoa, hata mngekodi ukumbi wa dhahabu.

Aliyeumia mfukoni naye ana mlango wake. Kifungu cha 69 cha sheria hiyo hiyo ya ndoa kinaruhusu kudai hasara ya kuvunjiwa ahadi ya ndoa, na cha 71 kudai zawadi zilizotolewa kwa sharti la ndoa kufungwa. Wa kuamua hilo ni bwana harusi na wazee wake. Wewe uliyechanga hamsini huna kibali cha kumvua nguo binti hadharani.

Na wazee wameshaanza kulimaliza. Baba zake wadogo walipanda Kibosho kwa wazazi wa bwana harusi wakiwa na isale mkononi, lile jani la kuombea radhi. Mchaga hahitaji kuelezwa maana yake. Walipokelewa, wakapewa viti, mbege ikaletwa. Mazungumzo hayakuwa mepesi, kuna mzee alitoka nje kwa hasira akarudi, lakini wenye msiba wamekaa pamoja. Nyie wa pembeni mnaendelea kuchochea kwa faida ya nani?

Wenye ile picha ifuteni, na ma-admin wa magrupu acheni kujifanya hamuoni. Michango iliyobaki baada ya malipo ya awali itarudishwa kwa kila aliyetoa, kulingana na alichotoa. Anayedai anitafute mimi, asimguse mama wa watu. Nimeipitia orodha jina kwa jina. Jamaa wa ile voisi yumo, aliahidi laki moja, na kwenye safu ya walioleta hana kitu.